Dada Bisibisi na Ujumbe wa Akina Mama

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee njia aliyopita dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bisibisi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa tatu kati ya watano wa mama mshonaji na baba karani wa posta, akaanza darasa la kwanza mwaka 1991, na mwaka huohuo akaifungua cherehani ya mama vipande vipande, akaifunga tena, ikabaki skrubu moja isiyojulikana ilikotoka, cherehani ikashona vizuri kuliko mwanzo, mama akashindwa kuamua amchape au amshukuru. Alihitimu uhandisi wa kompyuta mwaka 2008, akaajiriwa kwenye kampuni ya simu, na tarehe 10 Desemba 2011 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa jiografia, wakajaliwa mabinti wawili, wa 2012 na wa 2015.

Ujauzito wa kwanza ndio uliomfungua macho, kwani kwenye foleni ya kliniki aliona wenzake wakirudishwa nyumbani kwa kupitwa na tarehe, hivyo akaacha kazi, na Juni 2013, yeye na rafiki yake wa chuo, aliyemwita pacha, walianzisha kampuni katika chumba chetu cha uani, ya kuwakumbusha wajawazito kliniki kwa ujumbe wa simu. Wawekezaji walipokuja kampuni ilihamia ghorofa ya sita, penye viti vya rangi na maneno ya kubadilisha dunia ukutani, pacha akawa msemaji, dada akabaki na mitambo.

Tarehe 4 Februari 2019 mama mmoja alifika mapokezi na simu yenye ujumbe wa kumpongeza kwamba mwanawe ametimiza miezi mitatu, na chini yake tangazo la maziwa ya unga, akamuuliza dada, "Nani kawaambia mwanangu yuko hai?" Mtoto yule alizaliwa amekwisha kufariki. Dada alichunguza, akakuta taarifa za akina mama zinapelekwa kwa wauzaji, kwa saini ya pacha, na kile kipengele alichokitengeneza mwenyewe cha kusitisha ujumbe kwa waliofiwa kimezimwa. Alipomkabili, pacha alimjibu, "Dada, watumiaji wanaongezeka, huruma yako itatuangusha." Wiki mbili baadaye dada aliitwa kwenye kikao cha mipango ya mwaka, akakuta barua ya kumwondoa kwenye kampuni, na kesho yake alipofika mlangoni kadi yake haikufungua tena. Kikulacho ki nguoni mwako, alituambia.

Alimtafuta yule mama hadi nyumbani kwake, akamwomba radhi, na mama huyo yuko nasi hapa leo. Septemba 2019 aliajiriwa hospitalini kuwa fundi wa mashine za oksijeni na za kuwapa joto watoto njiti, wauguzi wakambatiza Bisibisi, naye alizoea kusema, "Hii haina maneno mengi, ikifanya kazi mtoto anapumua, basi."

Januari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi, mumewe na mabinti zake wakiwa pembeni.

Jana kampuni ile ilitangaza kumlilia mwanzilishi wake mpendwa, wale wale waliolifuta jina lake miaka minne iliyopita, na familia inasema msiba si mahali pa ugomvi, lakini si mahali pa uongo pia, kwa hiyo salamu zao hazitasomwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi, pamoja na mafundi wenzake, ambao wawili kati yao hamwaoni hapa kwa sababu mashine moja ya watoto imegoma asubuhi hii, wakatupigia kuomba ruhusa, nasi tukawaambia wasije.

Dada, kwa amani upumzike.