Damu Iliyoganda kwa Calist

Treni ya umeme ilipotoka Pugu, wanawake wawili waliokaa mbele yangu walikuwa hawajaacha kubishana. Mmoja, Mwamvita, alikuwa amempakata binti yake Hajira, aliyeruhusiwa kutoka wodini asubuhi hiyo. Mwenzake, Yosefina, alikuwa anafuata nguo nyumbani. Mwanawe Calist alibaki wodini na baba yake.

"Saratani ya damu ileile, dawa ileile, tena tulianza siku moja," alisema Yosefina. "Wako anarudi nyumbani. Wangu damu imeganda kwenye mshipa wa paja, mguu umevimba, na dawa ya saratani imesimamishwa."

"Daktari alisema dawa hiyo huweza kugandisha damu, Mama Calist. Hukukosea kitu."

"Najua. Lakini jana, mguu wa Calist ulipovimba, wewe ulikuwa unaimba."

Nilijifanya nasoma simu, ingawa ilikuwa imeisha chaji tangu stesheni.

"Nilikuwa namwimbia mwanangu."

"Mwezi uliopita, Hajira alipotapika usiku kucha, mimi nililala vizuri. Mungu anisamehe."

Mwamvita alimgeukia. "Baba Calist analala sakafuni kando ya mtoto wake. Mume wangu alisikia neno saratani, hatukumwona tena. Unadhani nami nawatazama ninyi kwa moyo mweupe?"

"Basi mchukue mume wangu," alisema Yosefina. "Nipe miguu ya binti yako."

Mwamvita akaivuta miguu ya Hajira, akaifunika kwa kanga. Treni ikasimama Soga, na Yosefina akashuka bila kuaga.