Bendi Irudi Chumba cha Damu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, mgeni wetu rasmi. Daktari, Mganga Mkuu wetu. Muuguzi Mkuu, bosi wangu hadi jioni ya leo. Madaktari, wauguzi, wahudumu, walinzi na jamaa zangu wa jikoni. Mume wangu, ambaye ameapa hatalia. Wanabendi, ambao kadi zenu ziliwataka mje bila vyombo, nanyi mmekuja mkiwa hamjui mikono muiweke wapi. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: habari za mchana?

Hapana. Nimesikia wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji wakiitikia kwa nguvu kuliko hivyo. Habari za mchana? Haya, sasa nimeamini mko hai.

Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba hotuba ya mstaafu huwa na shukrani, machozi kidogo na ushauri kwa vijana. Shukrani ninazo tele. Machozi nimemwachia mume wangu, ambaye naona ameshaanza. Ushauri sina, ila nina ombi moja, na ombi lenyewe ni kwako, Mganga Mkuu. Naomba bendi iruhusiwe kurudi kupiga muziki Jumamosi kwenye Chumba cha Damu. Nimelisema mapema ili msikae mkijiuliza huyu mama anazunguka kuelekea wapi. Sasa niacheni nizunguke.

Ndugu zangu, wengi wenu mmekijua Chumba cha Damu kikiwa kimechangamka. Mimi nilikikuta kikiwa kimepooza. Kilikuwa na viti vitatu, jokofu moja, na ukutani bango lenye picha ya tone la damu lenye macho, linalotabasamu kwa namna ambayo ilitisha hata watu wazima. Tuliandika matangazo ya kuomba wachangiaji damu, tukatuma barua maofisini, tukasimama getini kuwabembeleza wapita njia. Anaingia mwanamume mzima, kifua mbele, mikono ya shati ameikunja tangu barabarani. Akiiona sindano anakumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Mguu niponye! Na wakati huo huo wodi ya wazazi wananiita: Sista, kuna damu? Mnajua inavyouma kujibu kwamba hakuna? Nilijibu hivyo mara nyingi mno, na kila mara nililichukia lile tone linalotabasamu.

Sasa ikatokea kwamba mabenchi yetu ya kusubiria yalikuwa yanachana watu nguo, akaitwa fundi seremala. Ndiye huyu aliyekaa mstari wa mbele, mnamwita Fundi Besi. Alikuwa anapiga msasa huku anaguna kwa tuni fulani, mm-mm, mm-mm, anajisahau kabisa. Kwenye kiti nilikuwa na mama mmoja muuza vitunguu, anatoa damu kwa mara ya kwanza, amefumba macho kama anayesubiri kugongwa na gari. Ghafla nikaona ule mpira tunaowapa wachangiaji waminye mkononi, anauminya kwa kufuata mguno wa fundi. Mabega yakashuka. Damu ikaenda vizuri, mfuko ukajaa bila shida. Fundi aliponyamaza ili apige msumari, mama wa watu akafumbua macho akauliza kwa hasira, "Mbona umekata?"

Nikamwendea fundi. Nikamuuliza, huo wimbo ni wa nani? Akanijibu, "Ni wa bendi yetu, Mama, mimi nawapigia besi. Ila bado hauna maneno." Nikamwambia, basi yatie maneno ya humu ndani.

Akayatia. Ndiyo ukazaliwa wimbo wa "Mkono Wangu Huu", ambao kila mtu hapa anaujua na hakuna anayethubutu kuuimba mbele ya Mganga Mkuu.

Je, tulijua utafika ulikofika? Hata kidogo! Sisi tulitaka watu wasikimbie. Lakini wimbo ukishatoka hauombi ruhusa ya mtu. Ulipita kwenye simu, ukaingia saluni, ukaingia gereji, ukaingia jikoni kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga hospitali hii. Vijana wakaacha kusalimiana kwa kupungiana. Wakawa wanakunja mkono wa shati na kunyoosha mkono kama walio kwenye kiti changu. Watoto wakaruka kamba kwa kiitikio chake. Bibi harusi mmoja akaingia ukumbini nao, na mama mkwe wake akaninunia kwa kuwa nilikuwa mgeni pekee niliyejua kuucheza. Na mchora mabango wa pale njia panda, ambaye maisha yake yote alikuwa anachora chupa za soda na vichwa vya watu walionyolewa, akaja mwenyewe na ndoo zake za rangi, akalifuta lile tone lenye macho. Mahali pake akachora mikono: ya makuli, ya walimu, wa bibi mwenye pete, wa askari, yote imenyooshwa, mrefu kwa mfupi. Watu wanapiga picha mbele ya ukuta ule kabla ya kujiandikisha. Aliniambia kwamba kabla ya wimbo hajawahi kuchora kitu ambacho hakiuzwi. Leo anaitwa kuchora mashuleni. Hebu niambieni, ni semina gani ingeweza kumfanya mtu hivyo?

Nisifiche, tulichemsha pia. Fundi, usiiname. Maneno ya kwanza ya kiitikio yalisema, "Leo nimetoa, kesho nitarudi." Yanapendeza, sivyo? Yanakaa vizuri kwenye besi. Basi tuliurekodi Jumamosi, ukavuma, na wachangiaji wakafanya kama walivyoimbiwa: wakarudi kesho yake! Foleni nzima, wamekunja mikono, bandeji za jana bado zimebandikwa. Nikawaambia, jamani, mwili unahitaji miezi kadhaa kujirudishia. Mzee mmoja akaniambia, "Binti, usituvunjie wimbo." Nilitumia siku nzima kuwanywesha chai na kuwarudisha nyumbani wameudhika, kana kwamba nimewanyima haki yao. Ilibidi bendi irekodi upya: "Leo nimetoa, nitarudi nikiruhusiwa na muuguzi." Jaribuni kuyaingiza maneno hayo yote mahali palipokuwa na "kesho nitarudi"! Mwimbaji alikuwa anamaliza mstari amekosa pumzi. Lakini hapo ndipo watu walipoupenda zaidi, kwa sababu kila anayefika pale anajikwaa, na kila anayejikwaa anacheka, na anayecheka haogopi sindano.

Na jokofu, ndugu zangu! Jokofu likajaa. Nilikuwa nalifungua hata kama sina shida nalo, nalitazama tu kama mtu anayetazama kabati la nguo mpya.

Halafu, Daktari, ukaja wewe.

Msigune, jamani. Mganga Mkuu alisimamisha muziki, na nataka niseme mbele ya bendi yenyewe kwamba alikuwa na sababu. Bendi ilikuwa inapiga kila Jumamosi uani, nje ya Chumba cha Damu, chini ya madirisha ya wodi ya upasuaji. Jumamosi moja magitaa yakachachamaa, na mgonjwa aliyekuwa na nyuzi mbichi tumboni akashuka kitandani kwenda kucheza. Muuguzi wa zamu alimkimbiza korido nzima, na shahidi wa macho ananiambia kwamba mgonjwa alikuwa anakwenda na mdundo. Daktari aliweka tangazo: hakuna muziki eneo la hospitali. Ningekuwa yeye, na mimi ningeliweka.

Lakini Jumamosi zikanyamaza. Ukuta wa mikono upo, wimbo upo mitaani, ila mtu anafika getini, anasikia kimya, anakumbuka jiko lake linawaka. Nikarudi kuhesabu mifuko kwa macho ya wasiwasi. Na siku moja wodi ya wazazi wakapiga simu, na aliyekuwa anatoka damu baada ya kujifungua alikuwa binti yangu. Namaanisha binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea mimi, anayeniita mama tangu ajifunze kusema. Rafu ya kundi lake la damu ilikuwa na mfuko mmoja. Ukatumika. Ikabaki tupu.

Nilisimama mbele ya lile jokofu lililo wazi na nikashindwa kulifunga. Kazi ya miaka yangu yote, na siku ninayoihitaji mwenyewe, hakuna kitu.

Daktari, ninayotaka kuyasema sasa uliniambia nisimwambie mtu yeyote nikiwa kazini. Nimetii. Lakini leo nimekabidhi funguo, kwa hiyo samahani sana.

Mganga Mkuu aliingia Chumba cha Damu bila koti lake jeupe. Akauliza, "Kundi gani?" Nikamtajia. Akasema, "Ni langu hilo. Sista, niandalie kiti." Mpira wa kubana mkono ulinichomoka mara mbili, akaufunga mwenyewe kwa meno na mkono mmoja. Maabara wakasimama tayari kuipima damu mara itoke. Nikamchoma. Na Mganga Mkuu wetu, mtu wa matangazo na mihuri, akafumba macho, akaanza kuminya. Halafu nikasikia kitu. Nikadhani ni mimi nimechanganyikiwa. Daktari alikuwa anaimba. Chini chini, kwa pua, lakini alikuwa anaimba "Mkono Wangu Huu", na alikuwa hakosei!

Chekeni, chekeni. Mimi siku ile sikucheka. Nilisimama pale nimeshika mfuko unaojaa, nikaimba naye kimoyomoyo. Binti yangu yuko hai. Mwanawe ndiye yule mstari wa pili, anayemkazia macho Mwenyekiti wa Bodi kana kwamba anamfanyia usaili.

Daktari, sikushitaki. Namshukuru Mungu kwa ajili yako kila siku. Ninachouliza ni hiki tu: ulipokuwa umelala pale, una haraka na una hofu kama binadamu yeyote, ni nani alikupa ule wimbo? Hukuupata chuoni. Walikupa hawa waliokaa bila magitaa yao. Je, mtu wa mtaani anayekuja kwetu ana roho ngumu kuliko yako, kiasi kwamba yeye apewe kimya?

Nyuma ya jengo la dobi, hatua chache kutoka Chumba cha Damu, pana uwanja. Hakuna wodi upande ule, na mashine za kufulia zina kelele kuliko ngoma yoyote. Fundi ameshaniambia atatengeneza jukwaa la kukunja. Watapiga asubuhi tu, na wodi ya upasuaji tutaifunga madirisha, na yule mgonjwa, akilazwa tena, tutamfunga yeye.

Umetabasamu, Daktari. Lakini tabasamu nimeshaliona kwenye bango, na halikunisaidia. Nataka uitikie kwa kichwa.

Ameitikia! Mwenyekiti, umeona? Jamani, mmeona wote? Fundi, kaa chini, imesemwa Jumamosi, si sasa hivi!

Ahsante, Daktari. Nimeishiwa maneno, na mnanijua, hilo si jambo la kawaida. Niliomba hili kwa ajili ya wale watakaokuja kuuliza kama kuna damu, nami sitakuwepo kuwajibu. Binti yangu ana damu yako mwilini mwake, na tangu apone hajawahi kuusikia wimbo ule ukipigwa hapa. Jumamosi atambeba mwanawe, na atacheza.

Kwa kunitegea sikio siku ya leo, na kwa miaka yote mliyoninyooshea mikono yenu, asanteni sana.