Kitenge Mgongoni mwa Kule

Kijiwe chetu kiko mbele ya garaji ya pikipiki, hapa Bunia: benchi yenye miguu mitatu na jiwe moja, na kahawa ya tangawizi ya Théodore. Ministre hana wizara, ana tai. Sans Frein, yaani Bila Breki, anaendesha moto, teksi ya pikipiki, na jina lake linatosha kuwaonya abiria. Mimi wananiita Passeport, kwa sababu pasipoti yangu iliisha muda nikiwa Kampala, nikarudi nyumbani bila kitu ila koti la kuazima. Asubuhi ile alifika Kule, muuza vitambaa, président wa wababa kanisani kwetu. Mgongoni alikuwa na mtoto wake Fanny, amelala, amefungwa kwa kitenge cha mama yake.

Ministre: — Papa Kule, weye président. Fungua hiyo kitu, watu wanapita.

Kule: — Docteur alikataza bibi yangu Musoki, mama ya Fanny, abebe, kidonda ya operesheni haiyapona. Dimanche, siku ya ibada, tunapeleka shukrani, tutapita mbele ya kanisa tukicheza. Bibi yangu anataka nipite hivi hivi, na mutoto mugongoni. Sijue. Nipite, ao nimupe dada yangu amubebe?

Ministre: — Mwanaume ni kichwa. Kichwa inabeba kofia, haibebe mutoto. Wazee walisema samaki ukunje ingali mubichi. Ukikunja mugongo leo, hautanyooka tena.

Sans Frein: — Tena mutoto akilala pale, nguvu yako inahamia kwake. Mbona wamama wanachoka jioni?

Mimi: — Nimetoka Kisangani mpaka Kampala nikibeba mikeka, redio, hata mbuzi ya mutu. Mbuzi ikilia, unaiweka chini. Mutoto utaweka wapi?

Sans Frein: — Na Samsoni, munazani ni nywele? Delila alimufunga kitenge kwanza. Kunyoa ilikuja nyuma.

Hata Théodore aliacha kumimina, akacheka. Kule hakucheka.

Kule: — Siku ya operesheni nilipiga magoti inje, pale kwenye matope. Nilisema: Mungu, nirudishie huyu mwanamuke, nitafanya yote. Docteur akatoka, akaniambia Musoki iko muzima. Sasa, ndugu zangu, sikusemaka "yote isipokuwa kitenge."

Ndipo Ministre akasimama ghafla na kunyoosha tai. Mama Godelive, mama mkwe wake, alikuwa amefika kununua kahawa, na alikuwa amesikia.

Mama Godelive: — Mukwe wangu, mukae. Naulizaka tu. Ile kondoo ilipotea mu Biblia, muchungaji aliibeba mwenyewe, ao alimungojea bibi yake?

Ministre alichungulia ndani ya kikombe. Sans Frein akaanza kukagua gurudumu la pikipiki isiyo yake. Mama alipokea kahawa yake, akamfunika Fanny miguu, akaenda.

Ministre: — Dimanche unipitie kwangu. Nitamubeba mutoto wangu Prince. Peke yako watakucheka. Siye wawili, watazani ni uniforme ya wababa.

Kule alikaza fundo la kitenge. Fanny akajinyoosha, naye Kule akaanza kuyumba polepole, kushoto, kulia, jinsi akina mama wafanyavyo. Nikamtazama Ministre: naye anayumba, mgongo mtupu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya Musoki, kwa ajili ya wajinga hawa wote, mpaka nikahisi kitu cha moto gotini. Kahawa yangu ilikuwa inamwagika, kushoto, kulia.