Hita ya Sista Blanketi

Dada yangu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Sista Blanketi, alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, mtoto wa kwanza wa mchoma matofali na mshona mashuka. Wa pili na wa mwisho ni mimi ninayewasomea. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka tanuri la Baba. Asubuhi za baridi marehemu alichukua tofali lenye uvuguvugu, akalifunga kwenye gunia na kuliweka miguuni pangu. Kisha alinidai shukrani kutwa nzima.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari, ambako hesabu zilimpiga chenga lakini biolojia aliinywa kama maji. Alihitimu chuo cha uuguzi Desemba 1978.

Tarehe 5 Februari 1979 aliajiriwa katika wodi ya wazazi, akafanya kazi humo hadi alipostaafu mwaka 2017. Jina la Blanketi alipewa na akina mama, kwa kuwa hakuwa na simile na mtu aliyeacha miguu ya mtoto wazi.

Julai 1984 umeme ulikatika kwa siku tisa. Wodini mlikuwa na watoto njiti watatu, na mashine za kuwatunzia zilikuwa zimepoa. Marehemu alivuka barabara na sare yake, akaingia karakana ya fundi bati.

"Fundi, nataka kitu cha kupasha chumba joto bila umeme."

"Sawa, sista. Uje kesho kutwa."

"Sikuja kuagiza. Nimekuja kungoja."

Fundi alipachika debe dogo ndani ya debe kubwa na kuweka taa ya mafuta chini. Marehemu ndiye aliyesema wajaze matofali sita katikati, maana tofali likishika joto haliachii upesi. Walipoijaribu, alimwambia, "Inapasha, lakini wagonjwa wangu hawajajifunza kukohoa." Fundi akaongeza bomba la kutoa moshi dirishani. Watoto wote watatu walirudi kwao wazima.

Hita hiyo ilirudishwa karakana mara tano. Mara mbili za kwanza bomba lilikuwa limelegea kweli. Zile tatu zilizofuata, dada alilegeza parafujo mwenyewe kwa ncha ya mkasi wa wodini. Nilimfuma akifanya hivyo, akaniapisha ninyamaze. Shemeji, nimenyamaza miaka arobaini, leo nimechoka. Wazee wa fundi walipokuja kuposa, Baba aliuliza, "Ni yule fundi ambaye kazi zake haziishi kuharibika?" Hata hivyo, dada na fundi wake walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa watoto watatu.

Agosti mwaka jana marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Tangu hapo alisikia baridi hata jua la saa sita. Shemeji aliitoa hita stoo, akaongeza matofali yakawa kumi, akabadilisha bomba. Chumba kilipata joto hadi wageni wakawa wanavua masweta mlangoni, naye bado alitetemeka. Kila siku shemeji alipata kitu kipya cha kurekebisha. Mwishowe dada alimwambia, "Mzee wangu, hii baridi si ya chumba. Acha nyundo, njoo ukae." Akaacha, akakaa. Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, dada alifariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na watoto aliowapokea duniani, ambao hata yeye aliacha kuwahesabu. Nimemkumbuka tangu Jumatano ile, na sioni siku nitakayomaliza kumkumbuka. Ningetoa chochote anidai shukrani tena.

Shemeji, tumekuona barazani siku hizi tatu. Umeifungua hita yote, tofali moja moja, unatafuta mahali joto lilipovujia. Tunakuita kula, huji. Hakuna mahali lilipovujia. Kazi yako ilikuwa nzima, na yeye alijua.

Dada amepumzika kwa amani. Nawe, shemeji, pumzika.