Mkoba Unabaki, Jina Je? Idwal Jones Anastaafu

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, saa nane mchana, Idwal Jones atautua mkoba wa posta ya Llanfedwen baada ya kuubeba miaka arobaini na moja na miezi miwili. Mbwa wote wa bonde wameshaarifiwa. Wawili wanasemekana hawali.

Kamati ya kumuaga ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, wenye elimu waliona haya, kazi ikaniangukia mimi. Wamebahatika. Hakuna anayemjua Idwal kama mimi niliyekaa naye kwenye gari jekundu la posta miaka mitatu nikila nusu ya mikate yake.

Idwal alianza kazi Januari 1984, akiwa na miaka ishirini na nne, baiskeli moja na nywele. Baiskeli iliibiwa mwaka wa pili. Nywele zilikwenda polepole. Amepanda mlima na dawa za wagonjwa chini ya shati theluji ikimfika magotini, amesomea vikongwe barua za wajukuu na kuruka kwa makusudi mistari ya kuudhi, na mara moja alizalisha kondoo akiwa na bahasha mdomoni. Barua ilifika kavu. Kondoo naye yuko hai.

Lakini hayo hata tarishi mwingine angeyaweza. Kazi yake hasa ilikuwa jina. Katika Wales nzima hakuna jina la ukoo lililo jingi kama Jones, na hapa Llanfedwen tumepitiliza: nyumba tisini na tatu, hamsini na mbili ni za kina Jones. Bwana Hartnell, meneja wa posta aliyeletwa kutoka Bristol, kwa Waingereza, siku yake ya kwanza aliitazama orodha ya majina akadhani mashine imekwama.

"Idwal, hii ni familia moja?" akauliza.

"Hapana, Bwana. Jones ni mwana wa John, basi. Na hao kina John walikuwa wengi."

Akamweleza huku wakipanga barua. Zamani mtu wa kwetu hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na lake, la baba yake na la babu yake: Rhys ap Siôn ap Gruffudd, hiyo "ap" ikiwa ni "mwana wa", na mwenye pumzi nzuri alifika hadi babu wa saba. Kisha wakaja makarani na sheria za Kiingereza, wakataka kila mtu awe na jina moja lisilobadilika. Kila familia ikabaki na la baba aliyekuwapo siku ile. Na kwa vile watoto wengi walikuwa wakibatizwa John, nusu ya bonde ikaamka ni Jones. Cha kuchekesha, hiyo J ya mwanzo haimo hata kwenye alfabeti yetu ya zamani.

"Yaani babu zetu walikuwa na majina marefu kama treni," Idwal akamalizia. "Karani akabakiza behewa moja, mengine akayatupa mtoni."

"Sasa mnatofautishana vipi?"

"Kwa kazi, kwa nyumba, au kwa aibu."

Ndivyo ilivyo. Tunaye Jones Kengele, anayepiga kengele ya kanisa. Tunaye Jones Kondoo, na Jones Nyumba ya Mwisho. Fundi wa mabomba ni Jones Kesho, na kila aliyewahi kuvujiwa na bomba anajua kwa nini. Bahasha haziandikwi hivyo, lakini Idwal aliziweka lakabu zote hamsini na mbili kichwani. Aliitazama bahasha ilikotoka, akaigeuza mara moja, akasema, "Hii ya Kesho, wanamdai majibu."

Thamani ya kichwa hicho tuliijua vuli iliyopita, alipopasuliwa goti nami nikashika zamu yake wiki mbili. Nilisema hadharani kwamba kazi hii hata mbuzi anaiweza. Siku ya tatu ikaja barua ya hospitali: E. Jones, Llanfedwen, basi, nje na ndani. Nikampa Emrys Jones Kengele, maana nyumba yake iko karibu na mvua ilikuwa inanyesha. Barua ilikuwa ya Elwyn Jones Kondoo, aliyengoja miezi minane kutolewa mtoto wa jicho na alikuwa ameanza kuhesabu mbwa wake pamoja na kondoo.

Emrys, ambaye anaona sindano iliyo ng'ambo ya mto, akapanda basi akaenda. Alikuwa ameshavalishwa lile gauni la kufungwa mgongoni muuguzi alipomuuliza tarehe ya kuzaliwa, ikawa siyo ya kwenye faili.

"Kwa nini ulikwenda, Emrys, na macho yako mazima?" watu walimuuliza.

"Daktari kaniita! Nikasema labda wameona kitu nisichokiona. Si ndiyo ugonjwa wa macho wenyewe huo?"

Idwal alikuja ofisini na magongo yake, akashika simu, na hakuitua mpaka Elwyn alipopewa siku nyingine. Mimi nilingoja matusi. Sikuyapata. Alinipitisha mlango kwa mlango, akichechemea, tukinywa chai kila nyumba, hadi nikawajua wote hamsini na mbili. Kwa chai ile nilijifunza kuliko shule yote, ingawa shule sikuipa nafasi kubwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililomkosesha raha mwezi huu mzima. Hapa kwetu lakabu ya kazi ni mali ya kazi. Ukiiacha kazi, unaliacha na jina. Idwal amekuwa Jones Posta tangu baiskeli, na Jumatatu Jones Posta ni mimi, Osian, ambaye kwa bahati au adhabu ni Jones pia. Mfano tunao: muoka mikate wa zamani alipouza tanuri, Jones Mkate akawa mnunuzi, na yeye mwenyewe watu wakamwita Jones Mkate wa Jana. Alicheka mwaka wa kwanza. Wa pili akahamia kwa binti yake Cardiff.

Idwal hakulalamika, si kawaida yake. Ila wiki mbili zilizopita, tukiwa garini, alizima injini akaniambia, "Osian, mwanangu, goti halinitishi. Kukaa nyumbani hakunitishi. Lakini nimemwita kila mtu hapa kwa jina lake miaka arobaini na moja. Sitaki kufa nikiitwa Posta wa Jana."

Mimi ni mropokaji, bonde zima linajua. Jioni hiyo hiyo nilikuwa nimeshamwambia Nesta Jones Nyumba ya Mwisho, mwenye miaka tisini na moja, ambaye hata mchungaji humwomba ruhusa kabla ya kukohoa. Akaitisha kikao Jumanne, baada ya mazoezi ya kwaya, Idwal akiwa amedanganywa kwamba mazoezi yameahirishwa. Samahani, Idwal. Ulikosa keki mbili.

Walijaa kina Jones watupu. Wakapendekeza Jones Goti, wakapendekeza Jones Bahasha. Jones Kesho akasema tungoje wiki ijayo. Ndipo Bi Nesta akagonga meza kwa kijiko.

"Nyamazeni. Huyu mtu ametubebea mikia ya majina yetu sote bila kuukosea hata mmoja. Yeye asibebeshwe wowote. Aitwe Jones. Basi."

"Jones nani?" Emrys akauliza.

"Jones."

"Lakini sisi sote ni Jones, mama!"

"Wewe ni Kengele. Kaa chini."

Akakaa. Wakanyoosha mikono mmoja mmoja, wote hamsini na mmoja, nami nikiwamo, kuahidi kwamba kuanzia Jumamosi hakuna atakayeitikia jina hilo likiitwa peke yake bondeni humu. Elwyn Jones Kondoo alinyoosha mikono miwili.

Idwal, najua unaisoma karatasi hii umesimama, umeegemea ukuta kwa sababu ya goti, unajifanya una mafua. Ahsante kwa barua zote, kwa zile ulizoruka mistari, na kwa kutonitukana. Wafanyakazi wa posta na bonde zima tunakuombea siku nyingi za heri, samaki wengi mtoni, na asubuhi usizolazimika kuamka mapema.

Kwaheri ya kuonana, Jones.