Watu Watatu wa Molo

Benchi langu liko Busia, hatua chache kutoka geti la mpaka, upande wa Uganda. Mimi Abdunoor nauza kahawa ya tangawizi, na niseme mapema: simpendi mtu anayeshika kikombe kimoja asubuhi mpaka adhuhuri kama amekikodi. Lakini ndio wateja niliojaliwa. Kuna Wahabi, tunamwita Breki, aliendesha malori mpaka mgongo ukamgomea. Kuna Swabur, yaani Profesa, aliyesoma Chuo Kikuu cha Busitema muhula mmoja na nusu na hakubali tusahau. Kuna Rasto, Mkenya, anavuka kila siku na mabelo yake ya mitumba. Ng'ambo ya barabara ndipo Rukiyah anaposagia karanga, ila wiki nzima mashine yake ilikuwa kimya. Ujumbe ulikuwa umezunguka simu zote: karanga ya Rukiyah ina dawa ya panya, watu watatu wa Molo, hapa Tororo, wamekufa. Asubuhi ile nilimwona akiifunika mashine kwa turubai. Dalali wa Tororo alikuwa aje kuichukua adhuhuri akaiuze. Roho iliniuma, nikauliza benchi swali moja tu.

Mimi: Nani kati yenu ana ushahidi wa hii habari?

Profesa: Ushahidi wa nini? Jambo linajulikana.

Mimi: Linajulikana na nani?

Profesa: Na watu.

Breki: Abdunoor, lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mimi: Sasa hili lipo au laja?

Breki: Iko njiani.

Rasto: Buda, usitusumbue. Hiyo stori hata kwetu Kenya iko. Grupu ya soko, iko. Grupu ya kwaya, iko. Hao wote wanaongopa?

Profesa: Umesikia? Nchi mbili! Hiyo imethibitishwa kimataifa.

Mimi: Mimi sijauliza imefika wapi. Nimeuliza nani ameona.

Profesa: Swali lako lenyewe lina kasoro. Wewe ndiye uthibitishe kwamba karanga haina dawa.

Mimi: Nithibitishe vipi?

Profesa: Fanya utafiti.

Mimi: Wapi?

Profesa: Utafiti mtu hafanyiwi, Abdunoor. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nilimtazama huyu mtu na kikombe chake cha tangu asubuhi. Breki akasogea mbele. Breki akisogea hivyo, jua uongo umeshapata gari.

Breki: Video ilikuwa. Mimi nakwambia, ilikuwa.

Mimi: Uliiona?

Breki: Mwenye aliona, niliongea na yeye. Saa hii wamefuta. Sasa jiulize, kwa nini wanafuta?

Mimi: Yaani kukosekana kwa video ndiko ushahidi wenyewe?

Breki: Kabisa. Ingekuwa iko, mimi ningekuwa na wasiwasi.

Profesa: Na hapo ndipo mnapotakiwa kufikiri kwa kina. Hii kitu ina wakubwa nyuma yake. Dawa inapitia kwenye karanga. Panya wa Uganda wanaishtukia, wanavuka mpaka. Kenya inajaa panya. Halafu nani atauza paka?

Rasto: Wueh! Ndio maana kuna paka mob huku kwenu, kila kona!

Mimi: Rasto, jamani.

Rasto: Na wewe mbona unamtetea hivi? Rukiyah amekupea nini?

Hapo nilimnyang'anya kikombe. Kilikuwa bado na kahawa, nikaimwaga chini, na sikujuta. Kumuuliza mtu swali moja, yeye akupekue mfukoni! Nikamwambia afungue simu tuone nani alimtumia huo ujumbe. Akatelezesha kidole, akatelezesha tena.

Rasto: Ni Profesa.

Profesa: Mimi nilitumiwa na Breki.

Breki: Mimi nilipata kwa Rasto! Ndio maana niliamini, imetoka nje.

Wakatazamana. Nikadhani sasa tumefika. Mtu mwenye akili angeona kwamba ujumbe umevuka geti, umegeuka na kurudi, kila upande ukiupokea kama mgeni mwenye habari za mbali. Profesa akakohoa.

Profesa: Basi mmeona? Watu watatu, taarifa moja. Kwingine wanatosheka na mashahidi wawili.

Rasto: Na wewe Abduu, si pia ulituma? Niliiona kwa grupu ya msikiti, kuna mtu alinionyesha.

Mimi: Mimi niliandika chini yake, "kama nilivyopokea".

Rasto: Ah. Basi mikono yako safi.

Niliona aibu, nisifiche. Nilimtumia ujumbe imamu, nikawatumia mashemeji, nikamtumia hata mtu aliyekuwa akinunua karanga kwa Rukiyah kila Jumamosi. Maneno yale mawili niliyaandika ili lawama isinipate. Nikashika birika nikijifanya nakoroga, na hakuna kitu cha kukoroga.

Ndipo mama mmoja akavuka barabara akitokea kwa Rukiyah. Mtu mzima, kitambaa kichwani, gunia la karanga mbichi ameliacha kule mlangoni. Tukamwamkia. Akaitikia, akakataa kukaa.

— Mimi Alupo, mama wa Molo. Karanga hii huyu anasaga, nalima mimi. Ameniambia hanunui tena, watu tatu ya kwetu wamekufa. Ni kweli?

Breki: Pole sana, Mama. Ndivyo inasemekana.

— Asante. Sasa mimi ndiyo naweka sufuria ya chama chetu ya kuzika. Mtu akikufa Molo, mahali popote, sufuria kubwa inatoka kwangu kwenda kupika. Tangu Krismasi sufuria iko kwa nyumba, kuku wamelalia mayai ndani. Kwa hivyo kuna msiba imenipita. Nataka niende nilie na wenzangu. Hao watu wanaitwa nani?

Profesa akafungua mdomo. Nilijua neno linalokuja, "utafiti", na yeye alijua kwamba ninalijua. Akaufunga.

Mama Alupo akasubiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotumaliza. Alitutazama mmoja mmoja akitegemea kabisa kwamba tutamtajia. Rasto akainamia simu. Mimi nikafungua grupu ya msikiti, nikaandika: "Majina ya marehemu watatu wa Molo ni yapi?" Jibu likaja kabla sijainua macho: "Abdunoor, umelipwa na nani?"

— Wamesema majina?

Mimi: Bado, Mama.

Pikapu ya dalali ilikuwa inarudi kinyumenyume mlangoni kwa Rukiyah. Vijana wawili wakashuka na kamba. Mama Alupo akavuka barabara bila kuaga, akapanda juu ya ile mashine na turubai lake, akakaa, akajifunga kitambaa upya. Dalali akamwambia ashuke. Akasema hashuki mpaka apewe majina ya watu wake watatu.

— Majina ya nani tena, Mama? Mimi nimekuja kuchukua mashine.

Mama akanyoosha mkono kuelekea kwenye benchi langu.

— Uliza hao. Ndio waliwaua.