Mbuzi Hii, Si Mbuzi Huyu: Maisha ya Bi. Sitina Mlaili, 1957–2025

Bi. Sitina Mlaili alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 mjini Fumbuni, kisiwa cha Ngazija, mtoto wa pili wa fundi cherehani Mlaili Mzee na mkewe Bi. Zaharia. Visiwa vya Komoro vilitoka baharini kwa moto, na nyumba yao ilikuwa chini ya mlima Karthala, ambao hadi leo haujapoa. Alikua akitembea pekupeku juu ya mawe meusi ya volkano, akiokota maua ya mlangilangi kwa ajili ya nywele za mamake. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba mlima ule hakuuogopa hata nusu ya alivyomwogopa mwalimu wa chuo cha Kurani.

Mwaka 1963 familia ilihamia Mombasa, Mji wa Kale, ambako alisoma shule ya msingi ya wasichana na baadaye kozi ya taipu. Kitu kimoja tu cha Ngazija kilisafiri nao: mbuzi ya kukunia nazi ya mamake, kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma.

Tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na Bw. Swaleh Bakari, mpishi wa meli, na mwaka 1988 wakahamia Kilburn, London. Mbuzi ikaja nao sandukuni, imefungwa kwa kanga. Jirani wa chini alipolalamika kuhusu kelele za kukuna kila Ijumaa, Bi. Sitina alimshukia na sahani ya wali wa nazi. Tangu hapo jirani akawa ndiye anayeuliza mbona leo kimya.

Alifanya kazi ya kuwatunza wazee kwa miaka mingi, kisha Juni 2004 akaajiriwa kuwa msimamizi wa chumba katika jumba dogo la makumbusho kusini mwa London. Akapewa chumba cha visiwa vya volkano. Na humo, ndani ya kioo, kando ya jiwe la Karthala na samaki aliyekaushwa, akaikuta mbuzi kama ya mamake. Kibao cha maelezo kilisema ni sanamu ya mnyama, ishara ya mbuzi ambao wenyeji waliitolea volkano kafara ili isilipuke. Kumbe aliyeileta zamani aliandika tu "mbuzi, Ngazija" kwenye kikaratasi. Mwenzake wa makumbusho akafungua kamusi, akamkuta mnyama, hadithi iliyobaki akajitungia.

"Mimi nimeikalia tangu nina miaka sita," aliwaambia. "Nanyi mwaniambia sisi Waislamu twachinjia mlima?"

Wakamwambia alete ushahidi. Akaibeba mbuzi yake kwenye basi, akakuna nazi mbele ya wakubwa. Wakapiga picha, wakamshukuru sana, wakasema panatakiwa kitabu kilichochapishwa. Mwaka 2012 wakachapisha wao wenyewe kijitabu cha Kiswahili, nacho kikasema "mbuzi huyu". Bi. Sitina alichukua kalamu, akakata "huyu" na kuandika "hii" katika nakala zote zilizokuwa mezani. Akapewa barua ya onyo. Barua hiyo aliitia fremu, na bado iko ukutani Kilburn.

Mwaka 2019, mwaka aliostaafu, ofisi ya vibao vya maelezo ilishikwa na Alka, binti wa Kihindi wa Stanmore, ambaye mamake alizaliwa Kisumu na Kiswahili anakijua. Familia ikadhani sasa mambo yamekwisha.

"Aunty, mimi najua ni mbuzi ya nazi, mummy yangu iko nayo kwa kitchen," Alka alisema. "Lakini form lazima ipite committee."

"Basi ipitishe, mwanangu!"

"Committee itakaa spring."

Kila mwaka ikapigwa kalenda. Tunaona haya kusema hivi mbele ya watu, lakini inauma: mtu aliyejua alikuwa hai, yuko umbali wa basi mbili, na hawakutaka kumsikiliza.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2022, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Huko ndiko mwanawe wa pekee, Faridah, mzaliwa wa Kilburn, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, alimwambia, "Mum, let it go. It's only a label."

"Mimi nikishakwenda," mamake akajibu, "watakachosoma watu ni hicho kibao."

Alifariki Jumatano tarehe 5 Novemba 2025, saa nne asubuhi. Kibao kilikuwa hakijabadilishwa.

Juzi Ijumaa, tulipomaliza kumzika, tuliona kibao cha muda cha kaburi kimeandikwa "Christina Mlaili". Sisi wakubwa, tumechoka na mvua inanyesha, tukasema kitarekebishwa siku jiwe likiletwa. Faridah alikwenda akasimama mlangoni mwa ofisi ya makaburi.

"Si Christina," alisema, tena kwa Kiswahili, mbele ya mfanyakazi asiyejua neno lake hata moja. "Ni Sitina. Siondoki."

Dakika arobaini alisimama, hadi kikaandikwa upya. Kesho Jumatatu, saa tatu asubuhi, atakuwa mlangoni mwa makumbusho na mbuzi ya mamake.

Marehemu ameacha mume, Bw. Swaleh, binti, Faridah, wajukuu wawili, na dada yake, Bi. Echati, wa Mombasa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Apumzike kwa amani, na kwa jina lake mwenyewe.